Binti wa Kwenye Insha

7 Februari

Leo masomo yamesimamishwa saa tatu asubuhi ili Brantley Cobb aweke sahihi ya kujiunga na chuo. Brantley ni yule wa mpira wetu, ule wa kuvaa helmeti, mabega kama mlango wa ghala. Wameweka meza katikati ya ukumbi wa mazoezi, kitambaa chekundu, kofia tatu za vyuo vitatu juu yake, keki, mama yake pembeni analia. Akachukua kofia moja akavaa, watu wakapiga kelele kama vile kafufuka. Anakwenda Kansas kupiga watu vikumbo miaka minne, kila kitu bure. Sina ugomvi na Brantley, aliwahi kunisukumia gari kwenye barafu. Lakini yaani, keki.

9 Februari

Barafu. Hakuna shule. Nimefanya hesabu za sura ya kumi na moja. Mbili zimenishinda, nimezitukana.

14 Februari

Nimeingia fainali.

Kila mwanafunzi wa nchi hii anayekaribia kumaliza anafanya mtihani mmoja wa taifa, na wachache sana wa juu kabisa wanaitwa fainali. Kwenye shule yetu hajatokea mtu kwa miaka thelathini na moja. Nimepewa bahasha kwenye korido, karibu na bomba la maji. Kocha Pruitt kasema, "Safi, Haskett," kanigonga bega, kaondoka na begi la mipira. Kwenye karatasi yeye ni mshauri wa wanafunzi na pia kocha wa besiboli. Kwenye maisha ni kinyume chake.

Sasa mambo yako hivi. Chuo kikuu cha jimbo letu, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, mtu wa fainali akikitaja kuwa chaguo lake la kwanza, imekwisha: masomo, chumba, chakula. Hawaulizi kitu kingine, wewe na alama zako mnaingia. Halafu kuna Chuo cha Ashby, kule Ohio. Wao wanaita watu sitini na kuchukua wanane. Wanataka insha, barua, picha, na wikendi nzima ya kukutazama unavyokula.

Mimi nataka Ashby. Nimeona kwenye mtandao darasa lao la hisabati, watu sita na mwalimu kwenye meza moja ya duara, ubao kila ukuta. Hapa kwetu hisabati iliniishia nikiwa na miaka kumi na minne. Baada ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vya mnada wa maktaba na mtandao wa chumba cha mzani, pale ghala la nafaka anapofanya kazi Baba. Nikikwama nakwama peke yangu. Nimechoka kukwama peke yangu.

Tuna mpaka tarehe 30 Aprili kutaja chaguo la kwanza. Nimeandika: bado sijaamua. Uongo. Nimeshaamua.

20 Februari

Ashby wameniita. Niko kwenye wale sitini. Barua inasema, "Insha yako imetugusa sana."

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, na si kwa furaha tu.

Oktoba nilimpelekea Kocha insha yangu ya kwanza, ya namba tasa, jinsi zinavyozidi kuachana kadiri unavyokwenda mbali lakini hazikomi. Niliipenda mno. Aliisoma amesimama, akanirudishia. "Haskett, hii inanipa usingizi. Alama unazo. Wote watakaofika huko wana alama. Wewe kidonda chako kiko wapi?"

Nikamwambia sina. Baba ndiye aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kupandisha nafaka, tena kabla sijazaliwa, kwa hiyo ni vyake, si vyangu.

"Basi tafuta mtu aliyekuzuia. Lazima kuna mtu alikuzuia."

Hakuna aliyenizuia. Watu hawakunielewa tu, na hicho si kidonda, ni Jumatatu ya kawaida. Lakini Ashby nilikuwa naitaka. Kwa hiyo nikaandika kwamba siku moja ya mavuno Baba alikichukua kitabu changu cha hisabati akakitupa kwenye shimo la nafaka, akasema namba hazipakii lori.

Kuna neno moja pale limepinda. Moja tu. Kila mtu anapinda.

26 Februari

Upepo. Mchanga mpaka kwenye meno.

3 Machi

Baba ameomba ruhusa kazini siku nne ili anipeleke Ohio. Nilisema nitapanda basi. Akasema basi la kwenda Ohio linapitia kila mji ambao Mungu ameusahau, na yeye anataka kuona hao watu watakaomchukua binti yake. Mama kamnyoa nywele jikoni, anamzungusha kichwa kama tikiti, anamwambia asije akavaa ile kofia ya kampuni ya mbolea. Baba anasema ile ndiyo kofia yake nzuri.

Halafu akauliza kama anaweza kuisoma insha. Nikasema imefungwa kwenye mfumo wao, haifunguki. Akasema, "Haya." Ndivyo alivyo. Ukimwambia kitu hakifunguki, anaamini hakifunguki.

8 Machi

Saa kumi na tano kwenye pikapu. Missouri haiishi. Baba anaimba na redio, maneno hayajui.

10 Machi, Jumapili

Naandika kwenye pikapu, mwandiko utanisamehe. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa.

Nianze Ijumaa. Tulifika, wakatuvalisha vitambulisho. Changu kimeandikwa jina langu. Cha Baba kimeandikwa "Mzazi wa Corrie". Akakitazama, akasema angalau wamepatia. Chakula cha jioni kilikuwa na uma tatu, na nyuma yetu wapo watu wamesimama na karatasi. Wanakutazama unachagua uma gani, unaongea na nani, unacheka kiasi gani. Tuko sitini, wote tunacheka kiasi kile kile. Nililala chumba kimoja na binti wa Boston anaitwa Sloane. Insha yake ilikuwa ya farasi wake aliyekufa. Aliniambia mwenyewe, anapiga mswaki, kwamba farasi yupo, ana afya tele, wamemuuza tu. Nikacheka. Tukacheka wote wawili. Niliona kumbe ni mchezo, na kila mtu anaujua.

Jumamosi saa nne, mahojiano. Watu watano, meza ya duara, ile ile ya kwenye mtandao. Nilikuwa nimekuja na namba tasa zangu kichwani zimejipanga kama wanajeshi. Wakaniuliza swali moja la hisabati. Moja. Lililobaki lote: ulijisikiaje aliposema vile? Ulilia? Kwenye mji wenu wasichana wanaruhusiwa kusoma? Nikauliza wanaruhusiwa na nani. Wakaandika kitu. Mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo akainama mbele, sauti ya hospitali: "Na je, baba yako amebadilika?"

Nikasema, "Kidogo kidogo."

Nilijisikia nikilisema. Kidogo kidogo. Kama vile nina mgonjwa nyumbani.

Wakati mimi niko pale, wazazi walikuwa na kikao chao kwenye jengo jingine. Sikukifikiria hata mara moja. Jioni Baba alikuwa kimya, nikadhani ni viatu vinambana.

Leo asubuhi kwenye chai, Sloane akaniambia, "Baba yako ni shujaa. Mama yangu jana alilia."

Nikamuuliza shujaa wa nini.

Akanisimulia. Bi Whitcomb, mkuu wa ufadhili, aliwaambia wazazi kwamba miongoni mwao yupo baba ambaye binti yake ameandika habari zake bila kumficha, na kuja kwake ni ujasiri mkubwa. Akaisoma ile sehemu. Sehemu yote, shimo, namba hazipakii lori. Kisha akamwomba Baba, kama yuko tayari, aseme neno. Watu arobaini wamegeuka. Baba akasimama, kofia ya mbolea mkononi, mkono ule wa vidole vitatu. Akasema, "Ndiyo. Nilikitupa. Nilikuwa sijui." Akakaa. Wakampigia makofi.

Sikumaliza chai.

11 Machi

Sikuweza kumaliza jana. Hivi ndivyo ilivyokuwa kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Juni, mavuno yamepamba moto. Nimekaa kwenye reli ya kuzuia watu wasitumbukie kwenye shimo la kumwagia ngano, mahali nilipokatazwa kukaa, nasoma. Kitabu kikaniponyoka kikaanguka ndani. Malori manne yamepanga foleni, wingu jeusi linakuja kutoka magharibi, wakulima wanapiga honi ngano isije ikanyeshewa. Baba akazima umeme wa mtambo mzima. Bosi akatoka anafoka, atamfukuza. Baba akafunga kamba kiunoni, akashuka, ngano mpaka magotini, akapapasa kwa ule mkono wake mpaka akakipata. Akapanda, akanipa. Akasema, "Usikae tena pale." Basi. Hakuna hotuba. Akawasha umeme.

Huyo ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema alikitupa.

Jana nilimuuliza kwenye kituo cha mafuta Missouri, tumeegemea pikapu, kahawa mikononi.

"Kwa nini ulisema ulikitupa?"

"Wewe si ndivyo ulivyoandika?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, wewe ungekuwa nani pale? Mwongo. Mimi wale watu sitawaona tena. Wewe unataka kuishi nao."

Nikamwambia hakuwa na haki. Ndiyo, nilimwambia hivyo, mimi. Nikasema nani kamwomba anibebee, kwamba amenifunga mdomo, sasa siwezi hata kuwaambia kweli bila kumfanya na yeye mwongo. Niliongea mpaka mtu wa pampu ya jirani akajifanya anafuta kioo. Baba akanywa kahawa yake. Akasema, "Nisikilize. Mimi nilidhani labda ndivyo unavyokumbuka. Usiku kucha nilikuwa najiuliza kama nilikitupa."

Nikapanda pikapu.

19 Machi

Mvua. Ngano imekuwa ya kijani hata macho yanauma. Kocha anauliza wikendi ilikuwaje. Nikasema uma tatu.

22 Machi

Nimeshinda. Niko kwenye wanane. Kila kitu, miaka minne.

Ubao wa benki, ule wa kutangaza saa na baridi, sasa unaandika jina langu baada ya kila nyuzi joto. Mama, anayepika kwenye kantini ya shule, kaleta keki kubwa kama godoro, kaandika Ashby kwa sukari ya buluu. Kocha ananikumbatia, anasema tarehe moja Mei wataniwekea meza ukumbini, kitambaa, kofia, kama Brantley. Anataka na insha yangu, awasomee wa mwaka ujao, wajue kidonda kinaandikwaje. Nikasema hapana. Akasema usiwe mchoyo. Nikasema hapana mara ya pili, akanitazama kama mpira uliokataa kudunda.

Keki sikuila. Mama kaona.

30 Machi

Yaani nikikaa nawashwa, nikisimama nawashwa. Kila nikipita benki.

2 Aprili

Nimewaandikia Ashby. Nimesema kitabu kilianguka, Baba ndiye aliyekitoa, na pale kwenye kikao alinifichia aibu. Nimeambatanisha ile insha ya namba tasa, nikawaomba wanihukumu kwa hiyo. Nimetuma kabla mikono haijapata akili.

9 Aprili

Bi Whitcomb amepiga simu. Nilipokea uani, upepo unapiga mlango.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kufokewa, kufutwa, kulia. Nilichopata ni upole. Alisema hakukasirika. Alisema insha zote zina chumvi, vijana mna miaka kumi na saba, kumbukumbu ni kitu cha ajabu. Kamati imeshaamua na haina sababu ya kurudi nyuma. "Na baba yako mwenyewe alithibitisha, Corrie."

"Baba yangu alidanganya kwa ajili yangu."

"Hata hilo ni zuri, ukilitazama."

Nikamuuliza kama ameisoma ile ya namba tasa. Akasema ameisoma, ni nadhifu sana. Nikamuuliza: ningeleta hiyo tangu mwanzo, ningekuwa kwenye wanane?

Ni mtu mzuri, ndiyo maana hakunidanganya. Akasema, "Alama kama zako tunazo nyingi. Tulichokipenda ni safari yako."

Ile safari sikuisafiri. Nilimwambia hivyo, akasema nisijiadhibu, nipumzike, tutaonana Agosti.

Nimezunguka uani mpaka nyasi zimelala. Hawajali. Ningekuja na kweli, hawana nafasi. Nimekuja na uongo, nafasi ipo. Nimeungama uongo, nafasi bado ipo, kwa sababu hadithi walishaipenda. Mimi wananichukua tu kama kifungashio chake. Wamempa ufadhili binti wa kwenye insha, yule ambaye baba yake ni mshenzi. Basi na aende yeye. Akale kwa uma tatu.

13 Aprili

Hasira imepoa kidogo nikaona nyingine chini yake, na hii ni yangu mwenyewe. Sikuambiwa na mtu nimwandike Baba. Kocha alisema tafuta mtu. Nilitazama watu wote ninaowajua, nikamchagua ambaye asingenishtaki.

20 Aprili

Nimekataa Ashby. Kwa maandishi.

24 Aprili

Nimewaambia nyumbani, kwenye chakula. Mama kaweka bakuli la viazi chini taratibu. Nilitegemea Baba aseme "Haya."

Hakusema "Haya." Sijawahi kumwona hivi. Alisukuma kiti. "Nilisimama mbele ya wale watu wakanitazama kama mnyama. Nikajiita mjinga kwa mdomo wangu. Unajua kwa nini? Ili uende. Sasa unaniambia huendi?"

Nikasema siwezi kukaa miaka minne mahali wanapomdharau.

"Kwani nani kakuuliza kama nadharauliwa? Mimi nilishalipa hiyo. Wewe umekwenda kuitupa." Akasimama. "Sasa nimekuwa mjinga bure."

Katoka. Mama kasema, "Mwache," halafu kasema, "Una kiburi kama chake, sijui mtakaaje nyumba moja," halafu kaanza kuosha vyombo ambavyo havijatumika.

Mimi nilidhani namwokoa. Nilidhani atafurahi, yaani kabisa, nilikuwa nimeshaiona sura yake ya furaha. Sikumuuliza. Mara ya kwanza sikumuuliza, na mara ya pili pia sikumuuliza.

25 Aprili

Hasemi na mimi.

26 Aprili

Hasemi. Joto, hewa nzito.

27 Aprili

Benki wamefuta jina langu. Imebaki saa na nyuzi joto.

28 Aprili

Saa kumi alasiri mbingu imekuwa rangi ya chupa ya bia. King'ora cha kimbunga kikaanza. Mvua ya mawe, mawe kama mayai. Tukakimbilia kwenye handaki nyuma ya nyumba, mimi, Baba, Mama, na Bi Oleta wa jirani, ambaye handaki lake limejaa makopo ya nyanya tangu mumewe afe. Kaja na mbwa, redio, na maswali. Bi Oleta ukimwambia jambo, kanisa zima linalo kabla ya kwaya kusimama.

Mlango wa chuma juu yetu unapigwa kama ngoma. Bi Oleta ananigeukia. "Nasikia umewakataa wale wa Ohio. Kuna nini, kijana?"

Baba, siku nne bila neno, akawahi: "Ni mbali, Oleta. Mama yake alikuwa na wasiwasi."

Ananificha tena. Amenikasirikia hivyo na bado ananificha.

"Baba, acha," nikasema. "Usinifiche tena."

"Corrie."

"Bi Oleta, niliandika uongo kuhusu Baba ili nishinde."

Mama akashika mbwa. Baba akaipunguza redio, inataja majina ya barabara zetu moja moja. Kisha akasema, "Haya. Kama unasema, sema yote. Usiruke."

Nikasema yote. Kitabu, reli, kamba, malori manne, bosi, na nilichoandika. Kikao, makofi. Simu. Nikasema na lile la kumchagua kwa sababu asingenishtaki. Hata hilo sikuliruka. Nilipomaliza, mawe yalikuwa yameisha, mvua tu.

Bi Oleta akamgeukia Baba. "Na wewe ukakubali, Darrell? Mbele ya watu?"

"Nilikuwa nimeendesha saa kumi na tano, Oleta. Nilitaka turudi na kitu."

Mama akaanza kucheka, ile ya kuzuia, mabega yanaruka. Bi Oleta hakucheka. Alisema mimi ni mpumbavu, Baba ni mpumbavu zaidi, na wale wa Ohio amewawekea maombi ambayo wasingeyapenda. King'ora kilipotulia akatoka na mbwa wake. Kufika kesho mji mzima utajua nilimsingizia baba yangu. Kila mtu wa foleni ya duka. Kocha. Brantley na mama yake. Sawa. Na wajue.

29 Aprili

Vioo vya pikapu vimekwisha. Ngano ya upande wa kusini imelala, ya kaskazini imesimama. Watu dukani wameanza kunitazama. Mmoja alimpigia Baba saluti ya mzaha, eti mtupa vitabu. Baba akamwambia ajihadhari, bado ana mkono mmoja mzima.

30 Aprili

Nimeingia kwenye mfumo saa sita mchana, ofisini kwa Kocha. Nikafuta "bado sijaamua", nikaandika chuo kikuu cha jimbo. Kocha alisimama nyuma yangu. Habari alishazipata, mke wake yuko kwaya moja na Bi Oleta. Alikohoa. Akasema ile ya namba tasa hakuimaliza siku ile, kama bado ninayo. Nikamwambia haina kidonda. Akasema anajua. Nikampa, lakini sikumsamehe, na nikamwambia hivyo. Kuhusu meza ya kesho akauliza wafanyeje. Nikasema waiweke au wasiiweke, nitakula kantini.

Jioni Baba kanikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nikamwambia nimetuma. Akauliza huko kwenye chuo cha jimbo kuna watu watakaonijibu nikikwama. Nikasema sijui, nitawatafuta. Akaitikia kwa kichwa, akatazama ile ngano iliyolala.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Hata mimi."

"Mimi sijui nitaacha lini."

"Hata mimi, Baba."

Akashika mlango, akauweka wazi kwa mguu. "Basi njoo tukasirike mezani. Mama yako kashapakua."